Mkate wa Maskini (Yoshua bin Sira 34)

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na Sira 34, kitabu cha hekima katika Biblia ya Kikatoliki, pale anaposema kwamba sadaka ya mali ya dhuluma haimpendezi Mungu, na kwamba anayemnyima kibarua ujira wake anamwaga damu. Maneno hayo yalimkuta padre Mhispania, Bartolomé de las Casas, kisiwani Cuba mwaka 1514, akiandaa mahubiri ya Pentekoste. Naye alikuwa na watu wake wa kazi: wenyeji aliogawiwa na watawala kwa utaratibu ulioitwa encomienda. Kwenye karatasi, bwana aliyegawiwa watu alitakiwa kuwafundisha dini. Huko machimboni walichokutana nacho ni dhahabu ya kuchimba, njaa, maradhi na mauti. Katekisimu gani hiyo ya kufundishwa na mnyapara?

Si kwamba hakuwa ameonywa mtu. Dominika ya Nne ya Majilio, 21 Desemba 1511, kule Santo Domingo, kisiwa jirani cha Hispaniola, Antonio de Montesinos, mtawa wa shirika la Wadominiko, alipanda mimbarini mbele ya gavana Diego Colón, akauliza: Je, hawa si watu? Hawana roho? Mahubiri yale yalitiwa sahihi na watawa wote wa nyumba yake, ili asibebe lawama peke yake. Wakubwa wakaenda kudai ayafute. Dominika iliyofuata akakaza zaidi: mkiendelea hivi, kwetu hampati maungamo.

Las Casas mwenyewe aliwahi kunyimwa ondoleo la dhambi na Mdominiko mmoja kwa sababu ya watu wale. Akabishana naye, na watu wake akabaki nao. Ni Sira aliyemvunja. Akaenda kwa gavana Diego Velázquez, akamrudishia watu aliogawiwa, na sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria akalitangaza jambo hilo mimbarini.

Sisi Waafrika hatuwezi kuruka ukurasa unaofuata: baadaye, kwa kuwahurumia wenyeji wale, alishauri waletwe watumwa weusi. Uzeeni alilijutia hilo kwa maandishi.

Lakini kinachonikaa moyoni ni ile miaka kabla ya 1514. Padre ameinua hostia asubuhi, na mchana watu wake wako kwenye dhahabu. Na alisali, sina shaka, kwa moyo mweupe kabisa.

Jana dada anayenifulia alinikumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba tumeshafika tarehe 9.