Gredi ya 10: shule ya kutwa ya hapa Lamu au bweni la mbali?

Wakati wa kuchagua shule za sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12, ukifika, nyumba nyingi hapa Amu huanza na majina makubwa: Alliance, Shimo la Tewa na mengineyo. Nafasi za shule za kutwa hujazwa mwisho, harakaharaka, ili kazi iishe tu. Mimi nasema anza na hizo za kutwa, na uzifanyie kazi kuliko zote.

Nafasi zenyewe ni 12. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ndani ya mkondo huo huchagua michanganyiko mitatu ya masomo, na kila mchanganyiko huuwekea shule nne. Tisa kati ya hizo 12 ni za bweni, tatu za ndani ya kaunti na sita za nje. Tatu zilizobaki ni za kutwa katika kaunti ndogo anakoishi. Katika kupangiwa shule, KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, huchangia asilimia 60, KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, asilimia 20, na tathmini za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Kwa hivyo mtoto anapokaa kuchagua, asilimia 40 ya alama zake zimeshaandikwa. Zitazame hizo kwanza, ndipo useme shule fulani anaiweza au haiwezi.

Sasa nenda kwenye shule ya kutwa yenyewe, siku ya masomo, si siku ya mkutano wa wazazi. Mfumo wa kuchagulia shule huonyesha kwamba shule inafundisha Fizikia. Hauonyeshi anayeifundisha. Omba kuona ratiba, tafuta vipindi vya Fizikia, na uulize mwalimu wake ni wa TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, au wa bodi ya shule. Mwalimu wa bodi anaweza kuwa hodari sana, lakini hulipwa na shule, na akiajiriwa na TSC huondoka, pengine katikati ya muhula. Ukiambiwa Fizikia na Kemia zote ni za mtu mmoja, naye ni wa bodi, ujue mchanganyiko wa mwanao unaning'inia kwenye uzi mmoja.

Kisha omba kuingia maabara. Fungua bomba la maji. Uliza mtungi wa gesi ulijazwa lini. Soma tarehe kwenye chupa za kemikali. Huku kwetu hewa ya chumvi hula chuma, basi shika stendi na vibanio uone kama skrubu zinazunguka au zimeshagandana kwa kutu. Hadubini itie jicho: lenzi ikiota ukungu, huoni kitu ila wingu jeupe. Mwisho, omba madaftari matano ya majaribio ya wanafunzi wa madarasa ya juu uyaweke pamoja mezani. Yakiwa na vipimo vilevile hadi tarakimu ya mwisho, jaribio lilifanywa na mwalimu mbele ya darasa, na wanafunzi wakanakili ubaoni. Yakitofautiana kidogo, moja 24.1, jingine 24.4, jingine limefutwa na kuandikwa upya, hapo watoto wanashika vifaa kwa mikono yao. Shule ya namna hiyo, hata ikiwa ya C4, yaani kundi la shule za kaunti ndogo, isiyojulikana na mtu, mimi ningeiweka juu ya bweni ambalo nimelisikia jina tu.

Maabara ikiwa haipo, kuna kosa ambalo watu hulifanya kwa nia njema: wanambadilisha mtoto mkondo, aende sayansi za jamii, ilimradi asome karibu. Kumbuka hisabati. Wa STEM husoma hisabati kamili. Wa mikondo mingine, kwa kawaida, husoma iliyo nyepesi zaidi. Anayetaka uuguzi au uhandisi akishapita mlango huo, kurudi ni kazi kubwa. Kwa mtoto huyo, bweni ni haki yake, na gharama yake itafutwe.

Na "karibu" ni neno la kupimwa upya kwa watu wa Lamu Mashariki. Shule inaweza kuwa katika kaunti ndogo yenu na bado iko ng'ambo ya maji. Boti za Pate zinazopita mlango wa bahari wa Mkanda hungoja maji yajae, na saa ya maji kujaa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku. Mtoto hawezi kuwahi kengele ya asubuhi kwa mpango huo. Shule ya kutwa ya aina hiyo ni ya kupanga kwa jamaa, kwa hivyo uliza mapema atalala kwa nani, atakula nini, nani atamsimamia usiku.

Bweni la mbali nalo lihesabiwe lote. Karo ya Wizara ni Sh53,554 kwa mwaka kwa zilizokuwa shule za kitaifa na zile za miji mikubwa kama Mombasa, na Sh40,535 kwa mabweni mengine. Lakini nauli haimo humo. Mihula mitatu ni safari sita, na likizo fupi za katikati ya muhula huongeza nne. Kutoka Faza, kisiwani Pate, hadi Kikuyu iliko Alliance ni boti hadi Mokowe, basi la Garsen, Malindi, Mombasa, kisha gari jingine. Likizo ya siku nne au tano huishia barabarani. Bila jamaa wa kumpokea huko juu, usiiandike shule hiyo. Muhula wa pili nao hufunguliwa kusi limeshaanza, bahari imechafuka, basi mtoto avushwe siku mbili kabla.

Kwa familia za Kiislamu, mpigie simu naibu wa mwalimu mkuu kabla ya kuchagua. Kwa walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, Ramadhani zote tatu huangukia ndani ya muhula wa kwanza au mwanzoni mwake kabisa: Februari 2026, Februari 2027, kisha mwisho wa Januari 2028. Uliza daku hutolewa saa ngapi, futari hupikwa au ni chakula cha mchana kilichowekwa, na Ijumaa wanaswali wapi. Jibu la haraka lenye saa ndani yake ni jibu zuri.

Basari za kaunti na za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huomba barua ya kuitwa shule pamoja na orodha ya karo, na hundi huandikwa kwa jina la shule, mara nyingi baada ya muhula kufunguliwa. Weka akiba ya karo ya muhula wa kwanza na nauli yake mkononi. Ukienda kuripoti, beba nakala ya fomu ya basari yenye muhuri, umwonyeshe mhasibu siku hiyohiyo.