Siku mbili Bagamoyo: ninavyopanga ziara ya makao makuu ya zamani

Ninapowapangia wageni ziara ya Bagamoyo, naanza na kalenda ya mwezi mwandamo, kabla hata ya kuuliza nauli au chumba. Bahari ya hapa ina kina kifupi, na maji yakitoka hutoka kweli: ufuko huongezeka mamia ya mita na ngalawa hubaki zimelala ubavu kwenye tope. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu huwa ni bamvua. Siku hizo maji hukauka kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa saa 10 au saa 11 alasiri. Juma moja baadaye huja maji mafu, na mpangilio hugeuka: kujaa ni asubuhi, na hata yakipwa hayaendi mbali. Kila siku inayopita, nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Ukishajua hayo huna haja ya kumpigia mvuvi simu.

Sababu si kuogelea tu. Bahari hii ndiyo iliyoupa mji ukubwa, na ndiyo iliyouondolea. Kaole, kusini mwa mji, ilikuwa bandari ya Waswahili tangu karne ya 13. Mikoko na mchanga vikaziba njia ya maji na biashara ikahamia Bagamoyo. Wajerumani walipoweka makao makuu ya koloni lao hapa mwaka 1888, meli zao za moshi zililazimika kutia nanga mbali na kushusha mizigo kwa mashua. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, kwenye maji ya kina. Mtu akiyaona hayo kwa macho, maji yakiwa yamekauka mbele yake, haulizi tena kwa nini mji uliokuwa mkuu umebaki mdogo. Kwa hiyo wenye hamu ya historia nawaita bamvua. Wanaotaka kuona vyombo vikishusha samaki asubuhi na watoto wakioga, nawaambia waje maji mafu.

Ziara ya siku moja sipendekezi. Inawezekana, lakini anayetoka Dar saa 3 asubuhi anafika jua liko utosini, anapiga picha Boma, lile jengo la utawala la Wajerumani, anakula samaki na kurudi, huku magofu ya Kaole na Misheni ya Wakatoliki hajazigusa. Vituo vimesambaa: Kaole iko kama kilomita 5 kusini, Misheni kama kilomita 2 kaskazini, Mji Mkongwe katikati. Usiku mmoja unatosha kabisa, mradi Jumamosi saa 6 mchana hadi saa 9 zote uziachie chakula na usingizi.

Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, kusi linapovuma na jua limepoa. Machi hadi Mei ni masika. Njia ya Kaole hugeuka tope na bajaji nyingine hugoma kwenda. Januari na Februari kuna joto zito, ingawa bahari huwa tulivu. Tamasha la TaSUBa, kile ambacho wengi bado wanakiita Chuo cha Sanaa, linavutia sana, lakini wiki ya tamasha vyumba hujaa. Anayetaka magofu kwa utulivu asije wiki hiyo.

Kwa anayetoka Dar, mabasi madogo ya Bagamoyo yako kituo cha Makumbusho. Umbali ni kama kilomita 70, lakini anayekupangia muda ni foleni ya Mwenge hadi Tegeta. Panda saa 12 asubuhi, utafika kati ya saa 2 na saa 3. Ukichelewa hadi saa 2, ongeza saa nzima. Kwa ndugu zetu wa Tanga, Korogwe na Moshi, msiende Dar halafu mrudi nyuma. Shukeni Msata, kisha mchukue gari la Bagamoyo. Ni kilomita 64 za lami. Mwambieni kondakta tangu mwanzo, maana mabasi mengine hupita Msata bila kupunguza mwendo. Na mfike Msata kabla ya saa 10 alasiri, kwa sababu jioni magari huwa machache na dereva husubiri gari lijae.

Jumamosi, mkishaweka mizigo tu, nendeni Kaole moja kwa moja. Msianze na mji. Kaole haina kivuli kikubwa, hivyo saa 3 hadi saa 4 na nusu asubuhi ndiyo nafuu, na kihistoria ndiyo mwanzo wa habari yote. Bajaji mpatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, na mlipe mkisharudi mjini; nje ya magofu hakuna kituo cha bajaji. Njia ya kutembea ufukweni kutoka mjini ni nzuri machoni, lakini mtu asiipite peke yake akiwa na simu na kamera mkononi. Kila mtu awe na maji lita moja na nusu. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwani mawe ya matumbawe hukata.

Pale pana mabaki ya misikiti miwili na makaburi, mengine yenye nguzo. Tazameni kuta kwa karibu: ni matumbawe na chokaa, na zilizobaki zimesimama kwa uzito wake tu, kwa hiyo watoto wasipande. Katika jumba dogo la makumbusho kuna vyombo vya kauri vya China, ushahidi kwamba Kaole ilifanya biashara ya mbali karne nyingi kabla ya meli za Ulaya. Kaburi la Sharifa bado lina wenyewe. Watu huja kuomba dua na kuacha sadaka, basi mkikuta mtu yuko pale, ngojeni. Kanga au shuka ya kujifunika mabega isikose begini. Halafu, mkimaliza magofu, msirudi kwenye bajaji kabla ya kusogea upande wa mikoko. Siku za bamvua, saa hiyo ndipo tope lote liko wazi, na mwongozaji hana haja ya kueleza jinsi bandari ilivyokufa.

Kuhusu malipo: kwenye vituo vya serikali, mgeni hupewa namba ya malipo, ile wanayoiita kontroo namba, akalipa kwa simu. Wekeni salio kwenye simu kabla ya kutoka, kwa kuwa aliye na noti tu mfukoni huanza kumtafuta wakala juani. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mwanafunzi chini zaidi, lakini ni kwa kitambulisho. Mkiwa kundi, mmoja alipie wote kwa mara moja. Makumbusho ya Misheni ni ya Kanisa na hulipiwa peke yake.

Misheni naiweka Jumamosi saa 9 alasiri kwa sababu mbili. Jumapili asubuhi kuna misa, na si adabu kuzurura na kamera watu wakisali. Pili, barabara ya kuingilia ina miembe mikubwa pande zote mbili, na makumbusho yenyewe ni ya ndani, hivyo jua la alasiri halisumbui. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika hapa kutoka Zanzibar mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Makumbusho yapeni saa moja na nusu. Pingu na minyororo ya watumwa iliyomo humo si ya kupitia mbiombio. Kanisa la kwanza, la 1872, ndilo lenye mnara unaoitwa wa Livingstone. Wengi hudhani Livingstone alianzia safari zake Bagamoyo. Aliyeanzia hapa mwaka 1871 ni Stanley, akimtafuta. Livingstone aliletwa Februari 1874 akiwa maiti, akibebwa na msafara wa watumishi wake, akina Chuma na Susi, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, akalazwa hapo usiku mmoja kabla ya kuvushwa Zanzibar. Nje kuna mbuyu uliomeza mnyororo wa chuma. Watoto hupenda huo kuliko kitu kingine chochote.

Jumapili ni zamu ya Mji Mkongwe, na saa nzuri ni saa 1 na nusu asubuhi, mitaa ikiwa bado imepoa. Sehemu za ndani hazifunguliwi mapema hivyo, kwa hiyo tembeeni nje kwanza, kisha mrudi kwenye majengo. Chukueni mwongozaji mwenye kitambulisho na mpatane kwa kundi, si kwa kichwa. Mimi humwomba aanzie kusini, Ngome Kongwe, aende kaskazini, ili jua la asubuhi, linalotoka baharini, lisiwe usoni njia nzima. Ngome hiyo ilijengwa 1860 kama nyumba ya tajiri Mwarabu, ikaingia mikononi mwa Sultani, kisha Wajerumani, na Waingereza wakaifanya gereza. Hadithi ya njia ya chini ya ardhi ya kupitishia watumwa isikilizeni kama hadithi.

Kwenye Boma ndipo maelezo mengi hupinda. Watu huambiwa hapo ndipo koloni zima lilipotawaliwa. Boma lilijengwa 1897, miaka sita baada ya makao makuu kuhamia Dar es Salaam. Lilikuwa la utawala wa wilaya. Anayetaka jengo la wakati wa makao makuu aulize Nyumba ya Liku, ambayo kwa kuitazama ni ya kawaida sana na wageni huipita bila kugeuka. Makaburi ya Wajerumani karibu na ufuko nayo yana maana ukijua mwaka: wengi wa waliolala pale walikufa baada ya 1888, watu wa pwani walipoinuka chini ya Abushiri bin Salim, ambaye Wajerumani walimnyonga Pangani Desemba 1889. Mkifika hapo mwambieni mwongozaji asiruke sehemu hiyo.

Kuanzia nyumba ya forodha, soko la samaki liko jirani. Saa 4 hivi pweza, ngisi na samaki wa kukaanga wanapatikana, na muhogo wa kando yake. Ulizeni bei kabla kikaango hakijaguswa. Samaki wabichi wa kurudi nao Dar wabebwe kwenye ndoo yenye barafu na mfuniko, la sivyo abiria wenzenu watawakataa.

Mpangilio huu huharibika hasa mkichelewa kuondoka Jumapili. Baada ya saa 9 alasiri walioshinda fukwe za Bunju, Mbweni na Kunduchi nao wanarudi mjini, na barabara ni ileile moja. Ondokeni saa 6 mchana, mle njiani. Wa kwenda Msata muwahi hata zaidi, saa 5, mkiomba namba ya simu ya dereva tangu siku mliyokuja.