Siku moja maishani mwangu: saa 15 za kazi, dakika 2 za naitrojeni

Nyumbani Tanga wanajua niko Marekani "kwenye mambo ya nyuklia", na binamu zangu bado wanabishana kama natengeneza mabomu. Kazi yangu ni kuoka. Naoka kaviti, mirija mitupu ya niobiamu, metali ya kijivu: kila moja ina urefu wa kama mita moja na matumbo tisa, utadhani shanga kubwa zilizotungwa. Ikipozwa kwa heliamu kimiminika hadi nyuzi 271 chini ya sifuri, umeme hutembea kwenye uso wake karibu bila kupotea, na elektroni zikipita ndani hupewa kasi.

Saa 12 asubuhi. Ovaroli nyeupe, kofia, barakoa, glavu jozi mbili. Nafunika midomo ya kaviti kwa vifuniko vya niobiamu ili uchafu wa tanuri usiingie. Saa 2 mlango umefungwa, pampu zinanguruma zikitoa hewa ndani ya tanuri.

Saa 4 ndiyo saa yangu ya chai, lakini leo mgandamizo ndani ya tanuri ulishuka, ukashuka, halafu ukagoma. Nikatazama skrini ya gesi, ambapo kila gesi huonekana kwa namba ya uzito wa molekuli yake. Namba 18 ikiwa juu ni unyevu tu, unasubiri utoke. Leo zilisimama 28 na 32 pamoja, naitrojeni na oksijeni. Hiyo ni hewa ya nje. Tanuri linavuja.

Kutafuta tundu ni kazi ya kumchosha hata mvuvi. Unapuliza heliamu kidogo kwa kimrija chembamba, kiungio kimoja, unasubiri, unatazama kama kipimo kimeinusa ndani ya tanuri, unahamia kingine. Unaanzia juu, kwa sababu heliamu hupanda na itakudanganya. Mwenzangu yuko likizo, kwa hiyo ngazi ni yangu na kipimo ni changu.

Na mwenye kaviti, mtafiti mgeni, hakubanduka. Mara ya kwanza aliuliza kama imeshapata moto. Mara ya pili alishauri tuwashe hivyo hivyo, kwani tundu lenyewe dogo. Nikamweleza kwamba niobiamu yenye moto wa nyuzi 800 hunywa oksijeni kama sifongo, na kaviti yake ingeharibika. Mara ya tatu alinionyesha kalenda kwenye simu yake. Nikaendelea kupuliza.

Kipimo kiliruka kwenye kona ya chini kushoto ya mlango. Nilipofungua nikakuta juu ya mpira wa kuzibia uzi mmoja wa kitambaa cha kufutia, mfupi kuliko unywele wa kope. Mpira ule niliufuta mwenyewe asubuhi. Hilo sikumwambia mtafiti.

Simu ikaita. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Bado. Tanuri linavuja."

"Si uite fundi?"

"Fundi ndiye mimi, mama."

Tukavuta hewa upya. Moto ukaanza saa nane na nusu, nyuzi 5 kila dakika, nami nikala wali wa jana nimesimama. Baadaye namba 2 kwenye skrini ikaanza kupanda: haidrojeni. Kaviti huinywa inapong'arishwa kwa tindikali, na isipotolewa, kwenye baridi kali hujenga vipele vinavyokula umeme. Nyuzi 800, saa tatu nzima, unaitazama ikitoka. Miguu ilishaacha kuuma, ikawa inawaka tu.

Giza limeingia. Valvu inafunguka, naitrojeni inaingia kidogo sana, kama sehemu moja ya 30,000 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Dakika 2. Inafungwa. Dakika 6 za moto mtupu. Basi.

Anna Grassellino na wenzake wa Fermilab, maabara ya fizikia ya Marekani, waligundua faida ya naitrojeni hii kwa bahati: walikuwa wakitafuta utando wa naitraidi, yaani niobiamu iliyoungana na naitrojeni, wakapata kaviti mbovu, wakakwangua mikroni chache za juu, na chini yake kukawa na kaviti bora kuliko walizozizoea. LCLS-II, mashine ya California inayokimbiza elektroni ili kutoa miale ya eksirei, imejengwa kwa kaviti za namna hiyo. Kila wati ya joto inayookolewa ndani ya heliamu ni mamia ya wati ambazo mitambo ya kupoza haizili.

Saa 3 usiku niko kwenye gari, sijawasha hata injini. Ujumbe kutoka kwa mtafiti: tayari?

Nikamjibu: bado nyuzi 600. Njoo kesho mchana, na usiguse mlango.