Baiskeli ya mgeni

Nyuma ya nyumba yetu hapa Utrecht, Uholanzi, kuna kibanda cha mbao chenye baiskeli sita. Mbili ni zetu mimi na mume wangu, mbili za watoto, moja ni ile yenye sanduku kubwa mbele, ambayo wenyeji huiita bakfiets, nasi tunabebea mchele na masufuria. Ya sita haina mwenyewe. Ni baiskeli ya kike, nyeusi, ya kizamani, tuliyoinunua kwa mzee mmoja wa mtaa wa pili alipohamia kwa binti yake. Hiyo ndiyo baiskeli ya mgeni.

Ukitazama chuma cha kiti chake utaona vipande vya utepe vya rangi mbalimbali. Mwekundu ni wa wifi yangu. Wa buluu ni wa mdogo wangu anayeishi Uingereza. Wa njano uko juu kabisa, ni wa mjomba wa mume wangu, mrefu kama mnazi. Wa kijani uko chini kuliko yote, na huo ni wa mama yangu. Mgeni akirudi, mume wangu hulegeza nati, hukishusha au kukipandisha kiti mpaka kwenye rangi ya mwenyewe, hukaza. Aliyewekewa utepe kwetu haulizi tena funguo ziko wapi.

Mimi ni mtu wa Tanga mjini, Ngamiani, ambako barabara zina namba badala ya majina na mwanamke wa baibui juu ya baiskeli hashangazi mtu. Mume wangu kwao ni Lushoto, huko milimani, na kwao baiskeli ilikuwa ya kukokota zaidi kuliko ya kupanda. Tulipofika Uholanzi tulikuta nchi iliyolala chali kama mkeka, yenye baiskeli nyingi kuliko watu, basi tukaingia mzima mzima. Tunakwenda nazo kazini, sokoni, msikitini na matembezini. Jioni tukimaliza kula huwa tunatoka wawili, sambamba, maana sheria ya hapa inaruhusu wawili kwenda ubavu kwa ubavu, na upepo ukiwa wa mbele yeye hukaa upande unakotokea. Mambo yetu mengi tumeyaamua njiani, hata majina ya watoto.

Lakini kukaribisha ndugu hatukukujua tangu mwanzo. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya kwanza alikuja shangazi yangu, kipindi cha baridi. Tulimkirimu kama tulivyolelewa: hakugusa chombo, hakuosha sahani, chai ya maziwa na maandazi kila asubuhi kabla hatujatoka. Halafu sisi tunakwenda kazini, watoto shule, naye anabaki dirishani. Basi lipo, lakini linataka kadi, na majina ya vituo hayatamkiki kwa mtu wa mara ya kwanza. Wiki ya tatu nilirudi mapema nikamkuta sebuleni amevaa koti, viatu, ushungi, mkoba mapajani.

"Shangazi, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, mwanangu. Nimevaa tu."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Tulikuwa tumempa kila kitu isipokuwa mlango. Usiku ule mume wangu hakusema mengi, ila Jumamosi iliyofuata alirudi anaikokota baiskeli nyeusi. Shangazi hakuwahi kuipanda, barafu ilikuwa barabarani na siku zake zikaisha. Amefariki sasa, Mungu amrehemu. Baiskeli hii kila ninapoipaka mafuta namkumbuka yeye.

Mama alikuja mwaka jana, mwezi wa sita. Habari za viza nazipitia haraka, wengi mnazijua: fomu ya udhamini iliyosainiwa mbele ya ofisa wa manispaa yetu, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na siku 90 tu ndani ya kila siku 180. Kwa anayejiandaa kumpokea mzazi nitaongeza hili moja: nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Ulaya mizigoni, ila samaki mkavu anaruhusiwa, mpaka kilo 20. Mama alijua. Sanduku lake moja zima lilikuwa ng'onda, na nguo zake zote zilinuka bandari ya Tanga kwa muda wa wiki mbili. Sikutaka kuzifua.

Tulimpokea uwanja wa ndege wa Schiphol tukaja kwa treni. Nilitaka aone pale Stationsplein, chini ya stesheni ya Utrecht, kituo cha kuegesha baiskeli kilichofunguliwa chote mwaka 2019, chenye nafasi 12,500 katika ghorofa tatu. Saa 24 za kwanza hulipi kitu. Mama alisimama kwenye njia ya kushukia, watu wanampita wakiwa juu ya baiskeli zao humohumo ndani ya jengo, akashika ushungi wake akauliza taratibu, "Na wote hawa wanakumbuka waliweka wapi?"

Siku mbili alipumzika. Jua linazama saa nne usiku mwezi ule, Magharibi inaswaliwa watoto wa watu wameshalala, akawa anahangaika na saa zake. Siku ya tatu asubuhi alikuja jikoni amejifunga kanga kiunoni: "Haya, mgeni siku mbili. Jembe langu liko wapi?" Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akaenda kibandani.

Mama alikuwa mwendeshaji hodari zamani. Alikuwa na Phoenix yake, alikwenda nayo sokoni, hospitali, na mazikoni hadi Makorora. Baba alipofariki, ile baiskeli ikatundikwa ukutani stoo, na tangu hapo miaka tisa imepita. Sababu hakutaja, nasi hatukuuliza. Sasa yuko kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, miaka 66, ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayeshika bega la mtu wa siku nyingi.

Kulikuwa na shida ya adabu. Mkwe hamshiki mama mkwe wake kiuno ili asianguke, hilo kwetu halipo. Kwa hiyo nilishika mimi keria, na mume wangu akasimama hatua kumi mbali, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa jirani, akanipa mafunzo nimfikishie.

"Mwambie mama aangalie mbele, asiangalie gurudumu."

"Mwambie mkwe wangu nimesikia."

Kilichotutesa ni breki. Baiskeli nyingi za kizamani za hapa hazina breki ya mkononi: unasimama kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Mama ana mazoea ya Phoenix, ambapo ukitaka kupumzisha miguu unarudisha pedali nyuma nayo inazunguka bure. Akarudisha. Baiskeli ikasimama kama imegonga gogo, mama akaangukia kwenye ua wa majani wa jirani. Mume wangu aligeuka, akakimbia hatua tatu, akakumbuka, akasimama tena. Kiwiko kilichubuka kidogo. Mama alijikung'uta, akatazama ile pedali muda mrefu, akasema, "Kumbe ukirudi nyuma ndipo inakukamata," akapanda tena.

Nguo ndizo hazikusumbua hata kidogo, na hili lilimfurahisha kuliko yote. Gurudumu la nyuma la baiskeli hizi lina kinga pande zote mbili, na mnyororo umefunikwa wote, kwa sababu Waholanzi huendesha na makoti marefu kwenye mvua. Baibui ikakaa vizuri kabisa, kama waliokata zile kinga walipimia kwetu.

Mwalimu wa barabarani alikuwa binti yetu wa miaka kumi na mmoja. Watoto wa shule za msingi hapa hufanya mtihani wa usalama barabarani, na wengi huufanyia barabarani hasa, juu ya baiskeli, na yeye alikuwa ameupasi punde. Bibi yake anamwita mke mwenzangu, basi wake wenza wakawa wanatoka kila jioni. "Bibi, kulia! Huku tunapita kulia! Toa mkono kabla hujakata kona." Zile pembetatu nyeupe zilizochorwa lami mahali pa kumpisha mwenzio, Waholanzi huziita meno ya papa. Mama wa pwani hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mpaka anaondoka, akiziona alikuwa akisema kwa sauti, "Papa huyo," na kusimama.

Sisi tunakaa Leidsche Rijn, magharibi ya mji, na kati yetu na mji unapita mfereji mkubwa wa Amsterdam na Rhine. Tangu 2017 kuna daraja la baiskeli na waendao kwa miguu, limepewa jina la mwanariadha wa hapa Utrecht, Dafne Schippers. Ukitokea mjini, njia yake inapanda kwa kuzunguka juu ya paa la shule, watoto wanasoma chini yako, halafu unatokeza juu ya maji. Mara ya kwanza mama alishuka katikati ya daraja na hakutaka kuendelea. Chini ilikuwa inapita jahazi ndefu ya chuma, imesheheni mchanga hadi maji yanakaribia ukingo. Nyuma kwenye chumba cha nahodha kulikuwa na mapazia, sufuria za maua, nguo kwenye kamba, na gari dogo limeegeshwa juu ya sitaha. "Wanaishi humo?" Ndiyo mama, wengine na familia. Akaipungia mkono. Mwanamke aliyekuwa anaanika akampungia. Tulikaa pale mpaka zikapita nne, na kila moja mama aliisalimia. Upepo ulitutoka ubavuni, wa kusini magharibi, akauvuta puani akasema, "Kusi hii, ila haina chumvi."

Wiki ya tano, Alhamisi, nikiwa kazini, simu iliita. Ni mama. Moyo ulinipasuka, nikajua ameanguka. Akaniuliza bamia tunataka kilo moja au mbili. Alikuwa mjini, eneo la Lombok, mtaa wa Kanaalstraat, kwenye maduka ya Waturuki na Wamoroko, peke yake. Alivuka daraja, akafuata lami nyekundu ya njia ya baiskeli, akafika. Adhuhuri aliswali kwenye msikiti wa Ulu palepale karibu na stesheni, akina mama wa Kituruki wakampa chai na kumshikashika mikono, hawana lugha moja zaidi ya salamu na dua. Jioni nilikuta jikoni kotimiri, bamia, ndimu, na mama hayupo. Amekwenda kurudisha sahani.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Mume wangu alidhani kuna msiba.

Mwezi wa nane wakaja wote. Mdogo wangu na wanawe kutoka Uingereza, wifi kutoka Ujerumani, mjomba mrefu na mkewe. Watu kumi na wanne kwenye nyumba ya vyumba vitatu, magodoro kuanzia sebuleni hadi chini ya ngazi, foleni ya choo kuanzia alfajiri. Tuliazima baiskeli mtaa mzima. Jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa miaka sitini na kitu, alitoa mbili zake na mwisho akaja mwenyewe.

Tulifuata mto Vecht kwenda upande wa Maarssen. Njia za matembezi zina vibao vya namba kwenye kila makutano: unaandika namba zako kwenye karatasi, unafuata moja baada ya nyingine. Nilipomweleza mama, akasema si ni Ngamiani tu hii, akashika karatasi na kutuongoza yeye. Wali wa nazi ulikuwa kwenye sanduku la bakfiets, sufuria imefungwa blanketi na kanga mbili juu, mume wangu anaisukuma kwa miguu yake taratibu kama amebeba bibi harusi. Mjomba alitaka kupiga video akiwa mwendoni, watoto wakampigia kelele: tangu Julai 2019 simu mkononi ukiwa juu ya baiskeli ni faini.

Tulipakua ukingoni mwa mto, wali bado unatoa mvuke, ng'onda wa mama kwenye mchuzi wa bamia. Jirani alikula kwa mkono kama sisi. Akatusimulia, binti yangu akitafsiri, kwamba alipokuwa msichana mdogo magari yalikuwa yanaua watu vibaya hapa. Mwaka 1971 pekee walikufa zaidi ya 3,000 barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani kudai roho za watoto wao. Halafu Novemba 1973 mafuta yakawa adimu, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na baba yake akawachukua wakaendesha baiskeli katikati ya barabara kuu, kimya kabisa, wanasikia ndege. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja, kama katika hao watoto kulikuwa na mtu wake. Jirani akasema alikuwa na binamu. Mama akamwongezea mchuzi, kisha akasogea akakaa karibu naye.

Mama aliondoka mwanzoni mwa Septemba, siku ya 88. Asubuhi ile aliifuta baiskeli kwa kitambaa, spoki moja moja, akaipiga kengele mara moja, akafunga kibanda. Mkwe wake hajakishusha wala kukipandisha kile kiti. Anasema ni kwa sababu hakuna mgeni.

Juzi Jumapili imeingia sauti kwenye simu yangu. Kwanza sikuelewa, nilisikia kuku, redio ya jirani, na mtu anapiga nyundo. Kisha sauti ya fundi, "Tairi zote mbili mpya mama, mnyororo nimeuacha uleule, bado mzima." Kimya kidogo. Ikalia kengele, ile kavu ya Phoenix ninayoijua tangu niko tumboni.

"Haya, mwanangu," akasema mama. "Nafika mpaka Raskazone. Nitakupigia nikirudi."