Nilivyofanikiwa kumwandikia Bibi barua asiyosomewa na mtu

Bibi yangu mzaa mama anaishi Bweni, mkoani Tanga, ng'ambo ya mto, mahali ambapo ukitoka Pangani mjini tumezoea kuvuka kwa pantoni. Mimi ninaishi Dar es Salaam. Kwa miaka mingi kila nilichotaka kumwambia kilipita kwanza katika macho au masikio ya mtu mwingine, na ninaandika haya kwa sababu tatizo hilo nimelimaliza, baada ya kupewa ushauri mwingi ambao karibu wote ulikuwa mbovu.

Watu husema Bibi hajui kusoma. Maneno hayo huniudhi sana. Bibi aliwekwa chuoni, yaani madrasa, akiwa mdogo, akahitimu Kurani, na baba yake akamfundisha kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne nyingi. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi hizo hizo, na hadi leo zimehifadhiwa Goa, India. Bibi anasoma na anaandika. Asichokijua ni hati ya Kilatini, na kwa kuwa fomu zote, meseji zote na vibao vyote siku hizi vimeandikwa kwa Kilatini, mwanamke aliyeandika barua maisha yake yote amegeuzwa kuwa mtu wa kusomewa.

Jambo lililonisukuma lilikuwa zito. Nilikuwa nimechukua mkopo, ile mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu, ili nisiufunge mlango wa duka langu la vitambaa. Nilipozidiwa, Bibi alinipa bangili zake za dhahabu niziuze, kwa sharti kwamba wajomba wasijue. Siri ilikuwa yetu wawili tu, na ilibidi tuwasiliane juu yake: bangili zimefika au hazikufika, zimeuzwa kwa bei gani, nimelipa kiasi gani, nimebakiza nini.

Nilianza na meseji, kwa kuwa kila mtu aliniambia ndiyo njia rahisi. Bibi ana kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe, na msomaji wake alikuwa mtoto wa jirani, mwanafunzi wa darasa la sita. Ni mtoto mwenye adabu na kosa halikuwa lake, lakini husoma kwa sauti ya darasani, tena barazani, wakati wanawake wamekaa wanasuka ukili. Niliandika maneno machache, "Shikamoo Bibi, zile bangili zimefika salama," na kabla ya magharibi wajomba zangu wawili walikwisha kunipigia simu kuuliza ni bangili zipi.

Kupiga simu hakukufaa pia. Masikio ya Bibi yamekuwa mazito, kwa hiyo huweka simu kwenye spika, na kila ninalosema hulirudia kwa sauti ili ahakikishe amelisikia vizuri. "Unasema wamekuja kukudai dukani?" Nyumba nzima ilinyamaza kumsikiliza.

Hapo ndipo watu waliponishauri nimnunulie simu ya kupangusa, tuwe tunatumiana sauti. Niliinunua, simu iliyokwisha kutumika, kwa laki na kitu. Sijui kwa nini nilikubali, kwani mfano nilikuwa nao ndani ya ukoo wenyewe. Miaka ya themanini mjomba wa mama yangu alikuwa Maskati, na alikuwa akituma kanda za kaseti kwa mikono ya wasafiri, amezungumza pande zote mbili. Kanda ikifika, nyumba nzima hukusanyika kusikiliza, na yeye kwa kulijua hilo alikuwa akiwasalimu watu wote kwa majina, mmoja mmoja, hata majirani. Ndiyo kusema kwamba sauti ni mali ya kila aliye karibu nayo. Ujumbe wangu wa sauti ulichezwa kibarazani mara nne, kisha kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akausambaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili "na wengine wamsikie dada". Nilikuwa nimeeleza ndani yake namna nilivyokosa usingizi kwa wiki mbili.

Kwa kipindi kile tulipona kwa kanga. Nilimtumia doti moja yenye jina *Japo sipati tamaa sikati*, na Bibi aliposomewa jina hilo akajua kuwa fedha hazijatosha lakini ninaendelea. Kila aliyemwona amejifunga aliisoma na hakuna aliyeielewa kama yeye. Kanga ni barua nzuri mno kwa ajili hiyo. Upungufu wake ni kwamba haina mahali pa kuandika kiasi cha fedha.

Wazo la herufi za Kiarabu lilinijia nilipokuwa namsaidia binti yangu masomo yake ya madrasa. Mimi mwenyewe nilisoma chuoni, herufi zote ninazijua tangu alifu hadi ye, ila sikuwahi kuandika neno la Kiswahili kwa herufi hizo hata siku moja. Nilijaribu kwanza kumtumia meseji kwa Kiarabu kwenye kiswaswadu chake. Usijisumbue. Meseji ya Kilatini huchukua herufi 160, lakini ukiandika kwa Kiarabu nafasi inashuka hadi herufi 70, kwa hiyo salamu peke yake zinakula meseji nzima. Na simu ya Bibi, kwa kuwa haikuwa na herufi hizo, ilionyesha safu ya vijisanduku vya mraba vitupu. Kwa hiyo nilinunua karatasi za mistari na bahasha, nikakaa chini kuandika kwa mkono.

Nilimwomba ushauri mtu mmoja aliyesoma Kiarabu kwa miaka mingi nje ya nchi. Aliniambia kwa uhakika mkubwa kwamba watu wazima hawaweki irabu, yaani zile alama ndogo za juu na chini ya herufi zinazoonyesha a, i au u, kwamba irabu ni za watoto na za msahafu, na kwamba barua iliyojaa fatha na kasra itamvunjia Bibi heshima. Nilimwamini. Niliweka irabu pale tu nilipoliona neno kuwa gumu, na maneno mepesi nikayaacha matupu.

Wakati huo nilikuwa nimelipa shilingi ya mwisho ya ule mkopo, na furaha yangu yote niliimimina katika barua ile. Niliandika salamu kama alivyonifunza mama: ama baada ya salamu, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Kisha nikaandika sentensi ambayo nilikuwa nimeisubiri kwa muda wa mwaka na nusu: "Bibi, nimeachana na deni, na moyo wangu sasa umetulia." Nilimkabidhi konda wa basi la Pangani pamoja na elfu tatu au nne hivi, nikampigia binamu yangu aipokee na kuivusha.

Siku nne zilipita bila jibu. Siku ya tano mjomba alinipigia, akaniambia kwamba Bibi hali chakula, hataki kusema analoumwa, na ameniita nije mara moja. Nilipanda basi la alfajiri nikiwa na hakika kwamba ninakwenda kuuguza. Nilivuka kwa pantoni jua likiwa linazama, nikamkuta amekaa juu ya mswala, na alipoitikia shikamoo yangu hakuniita "mke mwenzangu" kama kawaida yake.

Alisubiri watu walale. Ndipo alipoitoa barua yangu chini ya mto wa kitanda, akaisogeza karibu na taa, akaweka kidole juu ya neno moja na kuniambia, "Nisomee hapa."

Nilisoma: deni.

"Soma tena, taratibu."

Nikasoma tena deni. Bibi aliniangalia kwa muda, kisha akaniambia niisome kama ambaye hajui kilichoandikwa. Neno lilikuwa hivi: دين. Dali, ye, nuni, bila alama yoyote. Nilipolitazama kwa macho yake, damu ilinisimama, kwa maana herufi hizo hizo tatu ndizo zinazoandika dini, na kila aliyepita chuoni amelisoma neno hilo kwa namna hiyo tangu utoto wake. Nilikuwa nimemwandikia bibi yangu, mwanamke ambaye hajaacha sala tangu alipobaleghe, kwamba nimeachana na dini na moyo wangu sasa umetulia. Kwa siku tano alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake, na hakumwonyesha mtu barua kwa sababu tulikubaliana kuwa barua zangu ni siri.

Tulilia wote wawili, tukashikana mikono. Kisha akaomba kalamu. Akaweka fatha ndogo, alama ya a, juu ya dali, na sakna, alama ya herufi isiyo na irabu, juu ya ye, kama Waarabu wanavyoliandika neno deni, akapuliza wino ukauke. "Sasa ni deni," akasema. "Sasa umelipa."

Usiku ule hatukulala, kwani alinifundisha hadi karibu na adhana ya alfajiri yale ambayo yule msomi hakuyajua. Kiarabu, alisema, kinaweza kusomwa bila irabu na mwenye kukizoea, kwa sababu maneno yake yana mifupa inayojulikana; Kiswahili ukikivua irabu umekivua nguo. Paka na pika huwa neno moja. Tena Kiarabu hakina pa, wala cha, wala ga, wala va, na mwandishi asiye makini huziazima herufi za jirani, hata msomaji akashindwa kujua kama umeandika pata au bata. Bibi huandika pa kwa be yenye nukta tatu chini, na cha kwa jimu yenye nukta tatu. Tatizo la e na i, ambazo zote hupewa kasra, na la o na u, ambazo zote hupewa dhuma, alilitatua baba yake kwa kuzipindua alama hizo pale anapotaka e au o, na sisi tunafuata desturi hiyo ya nyumbani. Kwa anayetaka kujaribu na jamaa zake, nawasihi mkubaliane kwanza juu ya alama, kwa maana nimegundua kuwa karibu kila ukoo una zake.

Nilimwuliza, je, tukiweka irabu zote, watoto wa madrasa wa hapo jirani hawatazisoma barua zetu kwa urahisi? Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akasema wataweza kutamka, ndiyo, lakini atafunga bahasha, na bahasha iliyofungwa mtoto wa Bweni haifungui. Kwa hiyo tunaweka irabu kwenye kila neno, bila kuona haya.

Tangu hapo tumekuwa tukiandikiana karibu kila mwezi. Barua ninaituma kwa konda, na nimejifunza kuiweka ndani ya kifurushi cha sukari au majani ya chai, kwa sababu bahasha peke yake husahaulika kwenye kasha la gari, ilhali kifurushi hufuatiliwa. Jambo likiwa la haraka, ninaiandika barua kwa mkono, ninaipiga picha na kumtumia binamu yangu, ambaye huichapisha steshenari mjini Pangani kwa mia chache na kuivusha. Yeye hakusoma chuoni kwa muda mrefu na hana subira ya kuhangaika nayo. Ukitaka kuandika kwenye simu, kibodi ya Kiajemi ni bora kuliko ya Kiarabu, maana ina pa, cha na ga tayari. Hata hivyo Bibi hapendi maandishi ya mashine. Anasema hayaonyeshi mkono wa mtu.

Yeye hunijibu kwenye karatasi za daftari la shule, kwa kalamu ya bluu, mistari yake imenyooka kama imepigwa rula. Jamaa walionishauri kumtafutia mtoto mwingine wa kumsomea hawaamini mpaka wawaone wajukuu wengine, ambao sasa nao wameanza kumletea karatasi awafundishe. Simu ile ya kupangusa Bibi aliirudisha mwenyewe ndani ya kikapu cha embe.

Barua yake ya mwezi uliopita ilikuwa na kurasa mbili, ndefu kuliko zote. Ameniandikia jambo lililompata yeye mwenyewe alipokuwa kijana, wakati babu alipokuwa safarini, na ambalo anasema hajawahi kumwambia mama yangu wala wajomba. Yaliyomo sitayaandika hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba neno lile la herufi tatu limo mara mbili, na mara zote mbili ameikandamiza fatha kwa nguvu kiasi kwamba ukigeuza karatasi unaipapasa kwa kidole upande wa pili.