Uvimbe wa binti yangu ulivyotolewa kwa kamera

Binti yangu alianza kupata degedege akiwa mchanga. Alikuwa pia na mabaka meupe mgongoni, na majirani pale Kayole wakasema ni alama tu za kuzaliwa. Daktari wa watoto ndiye aliyezima taa za chumba na kummulika kwa mwanga wa zambarau. Mabaka yakang'aa, kila moja umbo la jani. Siku hiyo nikalisikia jina la tuberasi sklerosisi, hitilafu ya jeni, TSC1 au TSC2, inayootesha vivimbe kwenye ubongo, figo, moyo na ngozi.

Mama mkwe akauliza imetoka ukoo gani. Daktari akamweleza kwa upole kuwa karibu watoto wawili kati ya watatu wenye ugonjwa huu hawakuurithi kwa mzazi yeyote. Nililia kwa faraja.

Tuliambiwa apigwe picha ya ubongo ya MRI kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, hata akionekana hana shida. Bima haikutosha, tukafanya harambee. Namshukuru Mungu hatukuacha, kwa sababu uvimbe ulionekana ukikua kando ya kijitundu ambamo maji ya ubongo hupita, kabla haujakiziba. Kikizibwa, maji hujaa kichwani, mtoto hutapika na uwezo wa kuona huweza kupotea.

Kuna dawa, everolimasi, inayopunguza uvimbe huo, lakini ikisimamishwa, mara nyingi uvimbe hukua tena. Daktari wa upasuaji alituchorea nyuma ya fomu: tundu la sentimita moja hivi kwenye fuvu, kamera nyembamba inaingia hadi kwenye chumba cha maji ndani ya ubongo, uvimbe unatolewa vipandevipande. Hufaa uvimbe ukiwa bado mdogo. Nilimuuliza bila haya: umewafanyia watoto wangapi? Damu ikitoka nyingi mtafanyaje? Akajibu kwamba wangefungua fuvu, na vifaa vingekuwa tayari. Mzazi mwenzangu, uliza hivyohivyo. Muulize na daktari wa nusukaputi kuhusu dawa za kifafa asubuhi ya upasuaji, maana dozi ikirukwa degedege huweza kurudi.

Alitoka salama. Kifafa bado kipo, kwani kilichotolewa ni uvimbe ule tu. Anakunywa dawa asubuhi na jioni, na figo zake nazo tunazipima.