Maji ya Jilore Yamejaa

Mvua ikinyesha sana bara, sisi wa Malindi hatuhitaji kuambiwa. Bahari inatuonyesha: Mto Sabaki unamwaga udongo mpaka maji ya pwani yanakuwa mekundu. Lakini kabla ya kufika huku, mto hufurika mabondeni, na furiko hilo ndilo hujaza Ziwa Jilore, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Jumamosi nilipanda bodaboda alfajiri, darubini shingoni na mahamri mkobani, kwani duka langu la vitambaa sifungui kabla ya saa nne. Ziwani nilimkuta mzee akitoa kambare kwenye wavu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Waja kutazama ndege tena? Basi usishukie kule kwenye matete, kuna kiboko."

Nikakaa upande wake. Furukombe, yule tai mla samaki, alikuwa ameshaanza kulia juu ya mti mkavu, na minandi, ndege wapiga mbizi, wameanika mbawa. Korongo weusi wale ambao mdomo wao haufungiki katikati walikuwa kwenye maji mafupi wakitafuta konokono. Uwazi ule wa mdomo ndio chombo chao cha kazi.

Ila saa nzima macho yangu yalikuwa kwa ndege mmoja wa rangi ya kahawia, mwenye vidole virefu ajabu, anayetembea juu ya majani ya mayungiyungi bila kuzama. Alikuwa na vifaranga. Huyo ni baba, si mama: kwa ndege hawa dume ndiye hulalia mayai na kulea. Furukombe alipopita chini, baba huyo aliinama, akavikusanya chini ya mbawa zake, akaondoka navyo huku vijiguu vyao vinaning'inia ubavuni. Nilimpa mzee darubini aone. Akatazama kimya, kisha akasema, "Kumbe!" Amevua hapa tangu ujana wake.

Inaniuma sana nikisikia watu wakisema maji yanayokauka si ziwa, bora palimwe hadi ukingoni. Yupo mnana wa Clarke, kichwa cheusi na tumbo la manjano, ambaye duniani kote anapatikana katika kaunti yetu ya Kilifi tu. Wanasayansi walimwandika mwaka 1913, lakini hadi 2013 hakuna mtaalamu aliyejua anatagia wapi. Viota vyake vilionekana Dakatcha, msitu wa kaunti hii hii, kwenye vidimbwi vya msimu vyenye majani marefu, vidimbwi ambavyo wakati wa kiangazi ungevipita ukadhani ni uwanja mtupu. Mtu akivilima kabla ya mvua, ndege huyo hana pengine panapojulikana pa kuzalia.

Nilimweleza mzee. Akaniambia shamba la mwanawe linafika kwenye matete kabisa, na kwamba atazungumza naye kabla ya kulima tena. Nami nitarudi kumuuliza wamefikia wapi.